Picha Zilizotulia

Siku Candida Shirima alipoambiwa kwamba amepona kifua kikuu, hakulia wala hakurukaruka. Alimwuliza muuguzi kama anaweza kuondoka.

"Uondoke tu?" Sista Victoria alishangaa, muhuri ukiwa mkononi. "Wenzako hapa wanapiga vigelegele. Juzi kuna baba mmoja alitaka kunibeba."

"Nashukuru, sista. Kweli nashukuru sana. Ila kuna mtu nataka ajue kwanza."

Sista Victoria alimtazama kwa jicho la kujua mambo, akagonga muhuri kwenye kadi ya matibabu na kumrudishia. "Nenda. Lakini usikimbie. Mapafu yamepona, miguu bado ina uvivu."

Candida hakukimbia. Alitembea taratibu hadi Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akipishana na mikokoteni ya marobota na vijana waliokuwa wakitangaza bei kwa vipaza sauti. Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wa tano, mvua imekatika siku mbili tu na madimbwi bado yalikuwa barabarani.

Mtu aliyemtaka ajue kwanza hakuwa kaka yake Eliakimu, mwenye duka la vitenge alimokuwa akifanya kazi. Hakuwa mama yao aliyekuwa nyumbani Rombo. Na wala hakuwa Aaron, ambaye kabla ya ugonjwa alikuwa mchumba wake. Alikuwa Shaibu, mpiga picha wa chini ya ngazi.

Duka la Eliakimu lilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo lile. Chini yake, pale ngazi zilipoanzia, palikuwa na chumba chembamba cha studio ambacho Shaibu alirithi kwa baba yake. Alipiga picha za pasipoti, za vyeti, na siku za Jumamosi za harusi. Kwa miaka minne Candida alipita mbele ya mlango ule kila siku. "Mambo?" "Poa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Kisha mwaka jana akaanza kukohoa. Watu dukani wakasema ni vumbi la vitenge. Sketi zikaanza kumpwaya, usiku akawa analoa jasho, na siku aliyoona damu kwenye leso akaenda kupima. Majibu yalipanda na kushuka ngazi za jengo lile kwa siku moja. Wateja wakaanza kuagiza wakiwa wamesimama mlangoni. Aaron alipiga simu wiki ya kwanza. Wiki ya pili akatuma ujumbe. Wiki ya tatu ujumbe ukatoka kwa mama yake: wameona harusi isubiri kwanza.

Eliakimu alikuwa na watoto wadogo pale nyumbani kwake Ilala, na mke wake alikuwa mjamzito. Akaamua dada yake aende Msanga, kijiji kilichoko ndani ndani huko Kisarawe, kwa shangazi yao Fortunata. Huyu shangazi alikuwa hatajwi katika ukoo wao. Miaka ishirini na mitano iliyopita aliolewa bomani, kwa ndoa ya serikali, na Mwalimu Mwinyimvua, Mzaramo na Mwislamu, na babu akaapa kwamba binti huyo si wake tena. Mwalimu alishafariki, shangazi akabaki na shamba la mihogo na kuku wake. Eliakimu alipompigia simu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaeleza hali huku akigugumia, shangazi aliuliza swali moja tu.

"Anakuja na gari la saa ngapi?"

Asubuhi ya kuondoka, Candida alishuka ngazi akiwa na barakoa usoni na begi mkononi. Shaibu alitoka studio, akasimama mbele yake na kumnyooshea kamera nyeusi iliyochakaa mkanda.

"Unajua kupiga?"

"Za simu."

"Chukua hii. Kioo cha nyuma kimekufa, kwa hiyo huwezi kuona ulichopiga. Unachungulia hapa, unabonyeza, basi. Ukija kliniki kila mwezi uniletee kadi yake ya picha, tuone umepata nini."

"Nina TB, Shaibu. Hujasikia?"

"Nimesikia. Jengo zima limesikia." Aliivalisha kamera shingoni mwa Candida bila kurudi nyuma hata hatua moja. "Kamera haiambukizwi."

Msanga, wiki tatu za mwanzo, hakupiga picha hata moja. Vidonge vilimchafua tumbo. Alilala kwenye mkeka barazani tangu asubuhi hadi jua lilipomfuata, akahamishia mkeka upande wa pili. Hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kutazama. Mwanzoni aliona hakuna cha kutazama pia.

Siku moja shangazi aliosha beseni la bati akaliinamisha kwenye kichanja cha vyombo. Tone la maji lilibaki ukingoni, limebeba mwanga wote wa asubuhi, linataka kudondoka na halidondoki. Candida alijiinua, akaingia ndani kuchukua kamera, akarudi akihema. Tone lilikuwa limeshaanguka. Akapiga beseni lenyewe hivyo hivyo.

Kuanzia hapo akawa anapiga. Nyayo za kanga kwenye udongo mwekundu baada ya mvua. Moshi ukitoka mlangoni mwa jiko, jua limeupasua katikati. Baiskeli ya muuza mkaa imeegemezwa kwenye mkorosho, mwenyewe kalala chini yake na kofia usoni. Mikono ya shangazi ikimenya kunde. Hapakuwa na kitu cha ajabu katika hivyo vyote, na hilo ndilo lililomshangaza. Kariakoo alikofanya kazi, kitu usipokiona upesi kimeshauzwa. Msanga kitu kilikungoja. Kama hukukiona leo, kesho kilikuwepo, na mwanga mwingine.

Kila mwezi alipokuja kliniki alipitia studio. Mara ya kwanza alisimama nje ya mlango na barakoa yake, Shaibu akageuza kioo cha kompyuta kielekee barabarani ili aone. Alisema neno moja moja kwa kila picha.

"Hii ulichoka."

"Umejuaje?"

"Imeinama. Na hii ya kuku, ulikuwa na njaa."

Candida alicheka hadi akakohoa, na alipomaliza kukohoa Shaibu alikuwa bado amesimama palepale, hajageuza uso. Mwezi wa tatu wa dawa alikaa ndani kwenye kiti. Mwezi wa nne Shaibu alikisogeza kile kiti karibu na chake bila kusema kitu, na wote wawili wakakodolea macho picha ya majani ya muhogo kwa muda mrefu kuliko picha ile ilivyostahili. Mwezi wa tano alimwuliza mbona hapigi watu nyuso.

"Wakinitazama wananihurumia," Candida alijibu. "Inatokea kwenye picha."

"Mpige shangazi yako basi. Huyo sidhani kama anamhurumia mtu."

Alimpiga, shangazi akiwa anamcheka jogoo aliyejichanganya na vifaranga. Kadi yenye picha ile aliipeleka studio mwezi wa sita wa dawa, wiki moja kabla ya majibu ya mwisho. Kwa wakati huo Candida alikuwa ameacha kujidanganya. Zile siku alizokuwa anazihesabu hazikuwa za kumwona daktari.

Kwa hiyo siku hii, alipofika mlangoni na kadi yake yenye muhuri, alikuwa anatabasamu kabla hajaingia.

Shaibu hakutabasamu. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, na juu ya kaunta palikuwa na bahasha kubwa ya kaki.

"Hongera," alisema.

"Nani kakuambia? Ndiyo natoka kliniki sasa hivi."

"Kaka yako. Alisema leo ndiyo siku, kisha akapiga simu kliniki. Huko juu kuna wageni wanakungoja."

"Wageni gani?"

"Aaron na mjomba wake. Wamepandisha kreti zima la soda." Aliisukuma ile bahasha mbele. "Picha zako zote. Mia na kumi na mbili. Nimekuchapia."

Candida hakuigusa. "Kwa nini unanipa zote leo?"

"Kwa sababu ni zako."

"Zilikuwa zangu mwezi uliopita. Mbona hukunipa?"

Shaibu alifuta kioo cha kaunta kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Zile tatu nilizozibandika dirishani hapa, kuna mama wa mgahawa Ilala amezitaka kwa ajili ya ukuta wake. Nimemwambia aongee na wewe mwenyewe. Namba yake iko humo ndani."

"Shaibu. Unanifungashia?"

"Unataka niseme nini, Candida? Mchumba wako kapanda ngazi hizi na suti, mchana wa Kariakoo, na jua hili. Kaka yako anashuka kuniambia kwa furaha kwamba Jumamosi wanaleta barua ya posa upya. Ananiambia mimi nijiandae kupiga picha za siku hiyo. Mimi! Nikamwambia sawa, bosi."

"Ulimwambia sawa?"

"Ningemwambia nini?"

"Mimi sikujua chochote kuhusu Jumamosi," Candida alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimetembea kutoka kliniki mpaka hapa, sijamwambia hata mama yangu aliyenizaa, kwa sababu nilitaka ulisikie wewe kwanza. Na wewe umeshaniwekea kwenye bahasha."

"Mama yangu anajua naongea na wewe. Ana wiki mbili hali chakula vizuri."

"Sijauliza habari za mama yako. Nakuuliza wewe."

Nje muuza viatu alikuwa anatangaza elfu kumi kumi. Candida alingoja mpaka yule mtu akatangaza mara tatu, kisha akageuka na kupanda ngazi. Bahasha aliiacha pale pale.

Juu, Eliakimu alimpokea kwa mikono miwili, akamkumbatia mbele ya marobota ya vitenge. Alikuwa mtu mnene, mchapakazi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli. "Dada yangu! Mungu mkubwa. Nimeshampigia mama, analia tu kwenye simu."

Aaron alisimama. Alikuwa amenyoa vizuri, na suti ilimkaa. Alifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na alizoea kuongea na watu waliokasirika. Mjomba wake alibaki amekaa na soda yake.

"Candida, pole na hongera," Aaron alisema. "Nilikuwa nakuombea kila siku."

"Asante, Aaron. Sala zilifika. Wewe ndiye hukufika."

Eliakimu alicheka kidogo, akidhani ni utani. Aaron hakucheka.

"Ilikuwa ngumu," alisema. "Mama ndiye aliyesema tusubiri."

"Na wewe ulisema nini?"

Aaron alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Candida aliliona hilo vizuri, kwa mara ya kwanza bila uchungu, kama mtu anayetazama kitu kilichotulia mbele yake. Alikuwa mtu wa kungoja aambiwe.

"Sikusema kitu," Aaron alikiri.

"Basi mimi nakusemea. Jumamosi msilete barua. Sina hasira na wewe, na mama yako mpe salamu zangu. Lakini sitaolewa na wewe."

"Candida!" Eliakimu alisema.

"Ni yule wa chini ya ngazi?" Aaron aliuliza polepole.

"Hata asingekuwepo, jibu lingekuwa hilo hilo."

Alimwamkia mjomba mtu kwa heshima, akaomba radhi kwa kuondoka, akatoka. Alishika ukuta na kushuka ngazi moja baada ya nyingine, na alipofika katikati, pale ngazi zinapokata kona, alimkuta Shaibu amesimama na ile bahasha kwapani.

"Nilikuwa napanda," Shaibu alisema.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Sema."

Shaibu alitazama juu na chini. Wapangaji wawili walikuwa wamesimama milangoni na mama mmoja alikuwa anapandisha fungu la vitambaa begani. "Hapa kwenye ngazi?"

"Watu wa jengo hili walisikia nina TB hapa hapa kwenye ngazi. Wasikie na hili."

Shaibu alikaa kwenye kidato, akafungua bahasha, akatafuta, akatoa picha mbili. Zote zilikuwa za lile beseni la bati. Moja Candida aliipiga mwezi wa kwanza, nyingine mwezi uliopita.

"Tazama hii," alisema. "Imetikisika. Za mwezi wa kwanza zote zimetikisika, thelathini na moja. Ili picha itulie lazima uzuie pumzi kidogo unapobonyeza. Wewe ulikuwa huwezi. Nilikuwa naziangalia nasema, huyu mtu hana hata pumzi ya kupiga beseni." Akaishusha ile picha gotini. "Mwezi wa pili zikatulia tatu. Mwezi wa tatu, kumi. Mwezi wa nne ulileta zile za majani ya muhogo, unakumbuka? Zote zimetulia. Ulipoondoka nilifunga mlango nikalia. Mteja alikuja kuchukua picha zake akadhani nimefiwa. Madaktari wamejua leo, Candida. Mimi nimejua tangu siku ile ya majani ya muhogo kwamba unapona. Na tangu siku hiyo nimeogopa, kwa sababu ukipona utarudi kwa watu wako."

Candida alikaa kidato cha juu yake. Mama mwenye fungu la vitambaa alikuwa amesahau alikokuwa anakwenda.

"Bado hujasema," Candida alisema.

"Nakupenda. Nataka kukuoa. Nimemaliza."

"Hapo sasa," alisema yule mama, akapandisha fungu lake.

Eliakimu alikuwa ameshatoka dukani na kusikia sehemu ya mwisho. Alishuka kwa kishindo, uso umebadilika. "Shaibu, mimi na wewe tumeheshimiana miaka mingi. Shuka huko chini tuongee kama wanaume."

Waliingia studio wote watatu. Kabla Eliakimu hajaanza, mlango ulifunguka tena. Alikuwa Bi Salma, mama yake Shaibu, mwanamke mwembamba wa makamo aliyejitanda kanga, na mkononi amebeba hotipoti. Kila siku saa sita alimletea mwanawe chakula kutoka nyumbani kwao Mtaa wa Swahili. Alimwona Candida, akasimama.

"Shikamoo, mama," Candida alisema.

"Marahaba." Bi Salma aliweka hotipoti juu ya kaunta. "Kuna nini?"

"Mama Shaibu, umekuja wakati mzuri," Eliakimu alisema. "Mwanao anataka kumwoa dada yangu. Sisi ni Wakatoliki. Mwambie haiwezekani."

"Haiwezekani," Bi Salma alisema papo hapo. "Hata mimi nimemwambia."

"Umeona?"

"Nimemwambia mara tatu, Mangi," alisema, kwa jina ambalo Kariakoo huwaita Wachaga wenye maduka. "Hasikii."

Walitazamana wale wawili, mwenye duka na mama wa Kiswahili, na ilikuwa wazi kwamba hawakuwahi kukubaliana jambo upesi namna ile, hata bei ya doti moja ya kitenge.

"Tutafunga bomani," Shaibu alisema. "Yeye kanisani kwake, mimi msikitini kwangu. Sijamwambia abadili kitu."

"Bomani!" Eliakimu aligeuka kwa dada yake. "Unataka kumwua mama?"

"Mama haumwi, kaka. Mimi ndiye nilikuwa naumwa." Candida alichukua bahasha, akatafuta ndani yake, akaweka picha moja juu ya kaunta. "Mtazame huyu."

Eliakimu aliinama. Mwanamke mwenye mvi alikuwa anacheka mdomo wazi, shingo imerudi nyuma, na pengo moja la jino upande wa kushoto.

"Huyu ni..." Hakumalizia. "Anafanana na baba."

"Ni shangazi Fortunata. Mlimfuta kwa sababu ya bomani, kabla hata mimi sijajua kusoma. Miaka ishirini na mitano hakuna aliyekwenda kumsabahi. Na siku nilipokohoa damu, kaka, katika ukoo mzima wa Shirima ulimkumbuka nani? Yeye ndiye aliyenipa kikombe kimoja na chake. Usiku nikitapika alinishika kichwa. Kama bomani ndiyo inatoa watu wa namna ile, basi nipeleke leo."

Eliakimu aliendelea kuitazama ile picha. Mkono wake mnene ulikuwa umekaa juu ya kaunta kama kitu alichokisahau pale.

Bi Salma ndiye aliyezungumza, na hakuzungumza kwa ukali. "Mimi sina tatizo na Wachaga, mwanangu. Sikiliza, sina. Baba yake Shaibu alikohoa miezi minane ndani ya chumba hiki unachokiona. Mimi ndiye niliyemwosha, na mimi ndiye niliyemfunga kidevu. Huyu ndiye mtoto wangu peke yake. Nikisikia mtu anakohoa hata barabarani, nahama upande."

Shaibu alikuwa ameinamisha kichwa. Candida alikuwa hajui. Katika miezi yote ile Shaibu hakuwahi kumwambia baba yake alikufa kwa nini. Alifungua pochi yake, akatoa kadi ya matibabu, akampa Bi Salma kwa mikono miwili.

"Isome, mama. Leo wamegonga muhuri."

Bi Salma alivaa miwani iliyokuwa inaning'inia kifuani. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, palipokuwa na visanduku vya siku vilivyotiwa alama. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, na hakuna aliyemharakisha.

"Vidonge ulimeza vyote?" aliuliza.

"Vyote."

"Hata ulipojisikia mzima?"

"Hata hapo. Siku mia na themanini. Sikuruka hata moja."

"Baba yake aliacha mwezi wa tatu," Bi Salma alisema. "Alijiona kapona. Nikampigia magoti, hakusikia." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, na ilimchukua muda. "Wewe una kichwa kigumu."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo nikisema nitangoja mpaka mkubali, nitangoja. Wewe, na kaka, na mama yangu. Kwa sasa narudi Msanga, siku tatu za wiki nitakuja kufanya kazi dukani, zilizobaki nitapiga picha zangu. Sina haraka. Ila sitabadili."

"Na mimi," Shaibu alisema.

"Wewe nyamaza," Bi Salma na Eliakimu walisema kwa pamoja.

Eliakimu alijinyoosha. Aliitazama dari, akamtazama dada yake, na kwa mara nyingine ile picha. "Nipe muda niongee na mama. Sijasema ndiyo."

"Sijasikia umesema ndiyo."

"Jumamosi..." Alikohoa, akajishtukia, akajifuta mdomo. "Jumamosi, kwa kuwa wageni hawaji tena, nitafunga duka mapema. Nitakupeleka Msanga mwenyewe na gari." Alifika mlangoni akasimama, mgongo umewaelekea. "Shangazi anapenda nini? Siwezi kwenda mikono mitupu."

"Majani ya chai. Na ulizia kama mama ana mbege ya Rombo. Anaiongelea sana pombe ile ya ndizi."

"Mbege," Eliakimu alisema, akitikisa kichwa. "Miaka ishirini na mitano Uzaramoni." Akapanda ngazi kwenda kumwambia Aaron amalizie soda yake. Candida alimsikia akisimama katikati, pale kwenye kona, akipenga kamasi.

Bi Salma alifungua hotipoti. Harufu ya ubwabwa na samaki wa nazi ilijaa chumbani. "Shaibu, nenda kwa mama ntilie hapo nje uazime vijiko viwili. Mgeni hawezi kula hivi hivi."

Shaibu alisita. Alimtazama Candida, naye akamtazama, na kwa muda mfupi hakuna kati yao aliyeona mama mtu yupo.

"Nimesema vijiko," Bi Salma alisema.

Alipotoka, Bi Salma alivuta kile kiti, akamwelekeza Candida akae, mwenyewe akakalia stuli ya wateja wa picha za pasipoti. Walibaki hivyo, hotipoti katikati yao.

"Unamtaka kweli?"

"Namtaka, mama."

"Asubuhi hasemeshwi. Ananuna mpaka anywe chai."

"Nitakuwa namwachia chai, napita pembeni."

"Na hafui. Nimemdekeza, makosa ni yangu."

"Hilo atajifunza."

Bi Salma alitaka kuendelea kukunja uso, lakini kicheko kilimponyoka. Alichukua jagi la maji lililokuwa pembeni ya kompyuta, akamnawisha Candida, kisha akanawa yeye.

Shaibu aliporudi na vijiko viwili, aliwakuta wameshaanza kula kwa mkono.